Uzi mrefu: Picha ya mtu maisha yanapomgeukia, na mlango wetu wa uani hapa Ujiji

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana mmoja alinisimamisha sokoni Mwanga, kamera shingoni, akaniuliza kwa nini kila akipiga mtu pale Kibirizi jioni sura inatoka nyeusi tii na ziwa linatoka jeupe pee. Nilikuwa na mteja ananisubiri, nikamjibu mambo ya kamera haraka haraka nikaondoka. Nimerudi nyumbani sina raha. Swali lake lilistahili jibu la kukaa chini, na najua hayuko peke yake, maana Kigoma yetu sasa ina vijana wengi wenye kamera nzuri kuliko yangu. Ndiyo sababu ya uzi huu. Vuteni viti.

Kwa wasionijua: ni mwanamke, mpiga picha wa kujitegemea, nakaa Ujiji. Sina studio wala flashi. Napiga picha za watu tu, mmoja mmoja au familia, kwa mwanga wa jua. Harusi sipigi. Karibu kila anayeniita, ananiita kwa sababu kuna jambo limegeuka nyumbani kwake: mtu amezaliwa, mtu ameondoka, mtu ametoka hospitali, mtoto anahamia mbali. Hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka kadhaa sasa, na ndiyo inayonilisha.

Sikuanza hivi. Miaka sita nilikuwa studio moja Dar. Pazia la bluu, flashi mbili zenye miamvuli, stuli katikati. Mteja anaingia, anakaa, anaambiwa inua kidevu, paa, paa, anatoka. Sitaisema vibaya, pale ndipo nilipojua kamera. Mwisho wa 2018 mama akapata kiharusi. Nikaomba ruhusa ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa ndio maisha yenyewe. Nilishuka stesheni ya Kigoma na begi moja, na vifaa vyangu nilivyokuwa nimeanza kuvinunua kidogo kidogo, flashi, stendi, pazia, niliviuza vyote kwa ajili ya dawa na mazoezi ya viungo. Nikabaki na kamera na lenzi moja ya milimita 50.

Mama upande wa kulia wote ulilala. Mkono, mguu, shavu. Mdomo ukashuka na jicho likawa halifungi vizuri. Nilikuwa namtoa asubuhi namkalisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa uani apate hewa. Siku moja ya Aprili 2019, maneno yakimtoka nusu nusu, akaniambia nimpige picha.

Nikamwambia, subiri mama, upate nafuu kwanza. Akakataa kwa kichwa. Basi nikaleta kamera, nikakizungusha kile kiti ili shavu zima likae kwenye mwanga na lile lililoshuka lijifiche kivulini. Ndivyo nilivyofundishwa: kila mtu ana upande wake mzuri, mpige huo. Mama akaweka mguu wa kushoto chini, akaanza kukiburuza kiti. Taratibu sana, nikisikia miguu ya plastiki ikikwaruza saruji, mpaka shavu la kulia likawa ndilo linalotazama nje.

"Huu ndio unaoumwa," akasema. "Na wenyewe uonekane."

Nilipiga mara moja tu. Kwenye ile picha kuna uzi mmoja wa mate unaong'aa kwenye kona ya mdomo, na jicho la kulia, lile lisilofunga, linaangalia lenzi moja kwa moja kuliko lile zima. Sikuwahi kupiga picha kama ile kwa miaka sita ya flashi. Nilikaa kizingitini nikalia, mama akanipapasa kichwa kwa mkono wa kushoto.

Toka siku ile nimeshika jambo moja, na wengi hamtakubaliana nami: picha ya mabadiliko haipigwi siku ya sherehe. Siku ya sherehe mtu amevaa uso wa wageni. Mabadiliko yenyewe hutokea kabla, au siku nyingi baada, nyumbani, mchana mtulivu. Mpiga picha anayetaka kuyakamata inabidi awepo hapo, na asiingie na vishindo. Mwanga wa mlangoni hauna vishindo. Flashi inamshtua mtu kila ikilia, anajikusanya upya. Mlango unamwacha alivyo.

Nitaendelea chini, kesho, kuhusu mwanga wa Kigoma wenyewe, maana una mambo yake.

* * *

MLETA UZI, posti ya pili

Nimeona maswali. Kabla sijayajibu niseme la jua, kwa sababu nikiliruka hili mengine hayataeleweka.

Vijana mnasoma mafunzo ya mitandaoni yanayosema usipige picha saa sita mchana, piga saa kumi na mbili jioni. Mkiyafuata hayo hapa mtapotea. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko huko baharini, nje kabisa ya nchi yetu. Kigoma tuko kwenye nyuzi 29 na ushee. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo jua letu linachelewa saa nzima nyuma ya saa ya mkononi. Utosi wa jua Kigoma ni saa saba mchana, siyo saa sita. Ukilinganisha na Dar tuko nyuma kama dakika 39. Jioni jua linazama karibu na saa moja. Mwanzoni mwa Novemba linawahi kidogo, ila Februari linafika saa moja na dakika ishirini hivi. Nilipotoka Dar nilikuwa nawaita wateja saa kumi na moja na nusu nikidhani tumechelewa, tunafika jua bado linachoma macho.

La pili. Sisi tuko kusini kidogo tu ya Ikweta, kama nyuzi tano. Jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo, kwenye saa saba mchana, simama uwanjani: kivuli chako kinaingia chini ya miguu. Na uso unaharibika kuliko wakati wowote, macho yanakuwa mashimo mawili, pua inatupa kivuli mpaka mdomoni.

Ila kuna neema ndani ya hesabu hiyo hiyo. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba jua linachomoza na kuzama upande wa kaskazini. Maana yake mlango unaotazama kusini haupigwi na jua hata kidogo, kutwa nzima, miezi sita. Unapata mwanga wa anga tu, mpana, laini, usiohama hama. Mlango wetu wa uani unatazama kusini. Ndiyo studio yangu, na sikuijenga mimi, aliijenga marehemu babu bila kujua. Hata nikienda nyumba ya mtu, kitu cha kwanza baada ya salamu naangalia kusini ni wapi.

Sasa namna ya kumweka mtu. Mwanga unaoingia mlangoni unapungua haraka kuliko macho yanavyodanganya. Akikaa hatua moja kutoka mlangoni anapata mwanga mzuri. Mrudishe nyuma hatua ya pili, umbali umekuwa mara mbili, na mwanga umebaki chini ya nusu. Kwa hiyo kosa siyo kwamba chumba kina giza. Mteja umemkalisha mbali. Msogeze mpaka magoti yaguse kizingiti, wewe kaa nje ubavuni usimzibe, na chumba nyuma yake kitaingia gizani chenyewe: makabati, ndoo, kalenda ya ukutani, vyote vinapotea. Hakuna haja ya pazia.

Upande wa pili wa uso ukiwa mzito mno, weka kitu cheupe. Mimi natumia mfuko wa sandarusi wa unga, umekatwa na kufunguliwa, unashikwa na mtoto yeyote aliyepo nyumbani. Sinia la bati linawaka sana, linafaa kwa mbali. Na jua likiwa linaingia moja kwa moja, mwezi wa Desemba kwa mfano ambapo limehamia kusini, natundika chandarua cheupe mlangoni, nimekikunja mara mbili. Linakuwa laini kama maziwa.

* * *

MDAU WA GUNGU aliuliza: "Dada, ziwa lote hilo tulilopewa na Mungu, wewe unakaa mlangoni? Mteja anataka ziwa lionekane."

Ziwa nalipenda kuliko unavyodhani, mkuu. Ila hapa ndipo lilipo jibu la yule kijana wa sokoni.

Kila mtu anataka ziwa liwe nyuma yake. Jioni jua liko magharibi, juu ya maji, linashukia milima ya Kongo. Ukimsimamisha mtu mgongo kwa ziwa, umemsimamisha mgongo kwa jua. Kamera inaona eneo kubwa linalong'aa, inadhani picha nzima ina mwanga kupita kiasi, inapunguza, na uso wa mteja unazama. Kamera nyingi zimetengenezwa kupima kila kitu kana kwamba wastani wake ni kijivu. Uso wetu siyo kijivu, na ziwa la jioni siyo kijivu. Unaweza kuipandisha kamera kwa mkono, ziwa likaungua lote, uso ukapona. Lakini jibu ninalolipenda mimi ni kumgeuza mtu. Aitazame Kongo. Wewe mpe ziwa mgongo. Mteja atanuna dakika mbili, mpaka aone.

Maana jua likiwa chini namna ile, mwanga unakuja mara mbili: mmoja kutoka mbinguni na mwingine kutoka kwenye maji, wa chini, unaingia chini ya nyusi na chini ya kidevu mahali ambapo mchana kutwa palikuwa na kivuli. Mtu mzima anapungua miaka kumi bila kuguswa na programu yoyote. Subiri jua liguse mlima ndipo afungue macho vizuri, halafu usifunge kamera likishazama. Robo saa inayofuata anga yote ya magharibi inakuwa taa moja kubwa. Watu wanaondoka ufukweni wakidhani imekwisha.

Agosti na Septemba moshi wa mapori na vumbi unaifuta Kongo kabisa, jua linakuwa kama kaa la moto saa nzima kabla ya kuzama. Mvua ya kwanza ikinyesha, asubuhi yake milima inarudi, mpaka mikunjo yake unaihesabu. Misimu miwili, sura mbili za mtu yule yule. Ngozi nayo inabadilika, kiangazi ina rangi ya udongo, masika ina rangi ya chuma.

* * *

MDAU aliyejitambulisha kama mstaafu wa reli aliuliza kuhusu hao wateja wa "mabadiliko", ni kina nani hasa.

Shikamoo mzee wangu. Nitataja wachache bila majina, na kwa ruhusa yao.

Kuna mama mmoja hapa Ujiji alinipigia eda yake ilipobaki siku mbili. Miezi minne na siku kumi amekaa ndani. Alisema anataka picha siku ya kutoka, kabla hajatoka, pale pale alipokuwa amekaa. Alimtaka mpiga picha mwanamke na ndiyo maana nikapata ile kazi. Nilifika saa kumi alasiri. Hatukupiga picha. Tulikaa. Akanionyesha mahali kwenye mkeka palipolika, nyuzi za ukindu zimeachana kwa sababu ya kukaa pale pale kila siku akiegemea ukuta ule ule, na ukutani kuna duara la mafuta ya kichwa. Akaniambia, "Hapa ndipo nilipokuwa." Saa moja kasoro mwanga wa dirishani ukashuka ukafika kwenye lile duara. Akakaa mahali pake, akaegemeza kichwa, kikaingia ndani ya duara sawasawa. Ndiyo picha.

Hiyo picha hamtaiona, hapa wala kwingine. Nilimsafishia nakala mbili, moja yake na moja ya binti yake, na faili nikalifuta mbele yake kama alivyotaka. Yupo hai, anauza vitenge, tunasalimiana.

Wengine ni wavuvi, na hapa nimejifunza jambo ambalo hakuna mafunzo ya mtandaoni yangeniambia. Ule mwanga mzuri wa jioni ninaousifu hapo juu ni saa ambayo baba wa Katonga na Kibirizi hayupo. Wavuvi wa dagaa wanasukuma mitumbwi jua likishuka, wanakesha na taa, wanarudi alfajiri wanalala. Nilikuwa napiga familia nyingi jioni, nzuri kweli, na zote hazina baba. Nilichelewa kuligundua hilo. Sasa kalenda yangu naifuatisha na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, hizo ndizo siku zangu za familia za ufukweni. Natunza kalenda ya mwezi ukutani kama wao.

Halafu ikaja 2024, serikali ilipolifunga ziwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Sitaki tuingie kwenye mjadala wa kufunga, una uzi wake. Nasema nilichoona. Kina baba walikuwa nyumbani kila jioni, miezi mitatu mfululizo, na watoto wadogo wengine walikuwa hawajawahi kumwona baba yao akikaa tu mwanga ule ukimpiga. Hela haikuwepo. Mama mmoja alinijia akasema, mpige huyu akiwa na watoto, ziwa likifunguliwa tutakulipa. Nikapiga ile, kisha jirani, kisha wa nyumba ya tatu. Ziliandikwa kwenye daftari familia kumi na nne. Agosti ziwa likafunguliwa, wengi walilipa, watatu walileta dagaa, sado sado, na wawili hawajalipa mpaka leo na sijawadai, najua hali zao.

Mmoja wa wale kina baba, mtu wa miaka hamsini hivi, alikuwa hajui mikono aiweke wapi. Mikono ile imezoea kamba. Nikampa wavu uliochanika autengeneze, na mtoto wake wa miaka minne akamshikia ncha. Akasahau kama nipo.

* * *

Maswali mengine kwa haraka.

Mkuu wa Kasulu, kamera siyo tatizo. Yangu ni ya zamani, haina hata intaneti ndani. Lenzi ya 50 inatosha kwa uso na kiuno, inafungua wazi na siyo ghali ukiipata ya mtumba nzuri. Iangalie fangasi kabla hujanunua, iinue kwenye mwanga utaona kama utando wa buibui. Kwetu huku kandokando ya ziwa unyevu unaua lenzi.

Uliyeuliza bei: kikao kimoja, mtu mmoja, elfu thelathini, na ndani yake picha tatu zilizosafishwa kwenye karatasi. Sitoi faili tupu bila karatasi. Simu zinaibiwa, zinaanguka ziwani, memori kadi zinakufa. Kwenye kabati la mama kuna picha ya harusi yake ambayo imepita nyumba nne na bado inaonekana.

Uliyeuliza masika: wingu zito ni zuri, lakini mwanga wake mwingi unatoka juu, macho yanaingia ndani. Msogeze mteja chini ya upenu wa baraza, paa likizuia ule wa juu, mwanga uingie kwa mbele.

Chini ya mwembe kuweni waangalifu. Ujiji tuna miembe mikubwa na kila mtu anaipenda. Nilimpiga binti mmoja anayeondoka kwenda chuo, kivuli kizuri, hakuna jua. Nilipozisafisha, shavu lote la kijani kama mgonjwa. Majani yanachuja mwanga na kuurudisha na rangi yake. Nikajaribu kuficha kwa kuzigeuza nyeusi na nyeupe, mama yake akaziangalia akasema, "Gauni lake lilikuwa la rangi ya chungwa, mbona umelinyang'anya?" Alikuwa sahihi. Nilirudisha hela, na binti alikuwa ameshapanda treni. Ile nafasi haikurudi. Siku hizi namtoa mtu ukingoni mwa kivuli, kisogo kiwe kivulini na uso uangalie anga wazi, chini kuwe na udongo au mchanga, siyo nyasi. Mchanga wa kuanikia dagaa ndio mzuri kupita yote.

* * *

MDAU MWINGINE aliandika: "Bila flashi wateja wakubwa hawatakuheshimu. Mwanga wa jua ni wa kuanzia maisha tu."

Nimelisoma mara mbili na nataka kulijibu kwa heshima.

Mwaka 1948 kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio nyumbani kwake. Nyingi ya picha zake alizipiga uani, kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe. Kwa kawaida alimpiga mtu picha moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Leo picha hizo zinaning'inia kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na ukizitazama hutamwona hata mtu mmoja anayefanana na ombaomba. Wamekaa kama wenye nyumba. Tena walikuwa watu walio katikati ya mabadiliko, wengine wametoka vijijini jana, nchi yenyewe inaelekea uhuru wa 1960.

Na hapa niseme la rangi ya ngozi, kwa sababu linaniuma. Kodak, kampuni ya filamu na karatasi za picha, kwa miaka mingi walikuwa wanapangia rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu. Karatasi ikimtoa yule vizuri, basi iko sawa. Sisi tulitoka tulivyotoka, meno na macho. Mashine zimebadilika, lakini mazoea hayajabadilika: mteja anakuja anasema "ning'arishe", na mpiga picha anavuta kitufe mpaka mtu hafanani na ndugu zake. Mimi siwang'arishi. Ngozi nyeusi umbo lake linaonekana kwa mng'ao, pale mwanga mpana unapoteleza juu ya paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye bega. Inahitaji chanzo kikubwa cha mwanga, na mlango ni chanzo kikubwa. Mteja nampaka mafuta kidogo ya nazi kwenye mifupa ya shavu, siyo poda. Wengi wakiona picha wananyamaza. Bibi mmoja alisema, "Nimetoka kama mama yangu."

* * *

MLETA UZI, nyongeza ya leo

Kuna aliyeniuliza faraghani kama nimewahi kuumizwa na kazi hii. Nimewahi, na nalisema hapa ili vijana wajilinde.

Mwaka 2021 shirika moja lilinikodi kupiga kina mama na watoto vijijini. Walinilipa vizuri. Nilikabidhi mafaili yote bila mkataba wa maana, karatasi moja tu ya malipo. Miezi kadhaa baadaye mama mmoja wa mle akanifuata mpaka nyumbani. Kuna mtu alimwonyesha bango kubwa lenye mtoto wake, chini yake maneno kuhusu utapiamlo. Mtoto yule hakuwa na utapiamlo. Alikuwa ameamka tu, ana usingizi, na mwanga wa asubuhi ulikuwa umempiga ubavuni ukachora mbavu. Mwanga wangu ndio uliomkondesha. Nilikwenda ofisini kwao mara tatu, bango likashushwa, radhi hawakuomba. Yule mama hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliniuliza tu, "Hukuwaambia anaitwa nani?"

Toka hapo kila mtu ninayempiga anasaini au kuweka dole gumba kwenye karatasi ya Kiswahili, mistari mitano: picha itatumika wapi, na nani, mpaka lini, na anaweza kuikataa baadaye. Kwa sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Isomeni. Sura ya mtu ni taarifa yake.

Yule kijana wa sokoni kauona uzi, leo kaja nyumbani saa tisa. Nilimkalisha kwenye kizingiti bila kamera nusu saa nzima, atazame tu mwanga unavyotembea usoni mwa mama. Mama siku hizi anatembea na mkongojo, mdomo umerudi karibu wote, umebaki mkunjo mdogo kulia. Alimsimulia kijana habari za meli ya Liemba enzi akiwa mtoto, watu wakikimbilia bandarini ikipiga honi. Nilipomruhusu achukue kamera, kijana akafanya vile vile nilivyofanya mimi: akakishika kiti cha mama akizungushe upande wa kushoto.

Mama akaniangalia. Halafu akaweka mguu chini akaanza kukiburuza.